Fungu 28, Fungu 40 na mabishano ya kahawa Ujiji

Kila Juni bajeti ikisomwa, kijiwe chetu cha kahawa Ujiji, Kigoma, huwa na wachumi wengi kuliko vikombe. Mwaka huu lililotamba ni hili: polisi na mahakama wanachota chungu kimoja, akiongezewa mmoja kaongezewa na mwenzake.

Sivyo. Kwenye vitabu vya bajeti kila taasisi ina fungu lake la fedha lenye namba: Polisi ni Fungu 28, Magereza Fungu 29, Mahakama Fungu 40, nayo Mahakama ina Mfuko wake uliowekwa na sheria ya 2011. Mishahara ya majaji haingoji hata kura ya wabunge ya kila mwaka. Ibara ya 142 ya Katiba inataka itoke moja kwa moja Mfuko Mkuu wa Hazina, chungu kikuu cha fedha za serikali.

"Na faini za trafiki je? Si ndiyo mshahara wa polisi?" Elfu thelathini uliyolipa kwa namba ya malipo inaingia Mfuko Mkuu, si mfuko wa askari. Ile isiyo na risiti haimo katika fungu lolote, na wote kijiweni tunajua iliko.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kilichopitishwa bungeni Dodoma ndicho kilichotumika. Bunge huruhusu kiasi. Hazina hutoa kadiri makusanyo yanavyoingia. Halafu kuna bei. Fungu likipanda kwa asilimia 3 na bei zikapanda kwa 4, dizeli ya gari la doria imepungua ingawa tarakimu imenenepa.

Na usishtuke fungu likishuka. Mwaka wa ujenzi huvimbisha matumizi ya maendeleo. Jengo likiisha, kinachobaki ni umeme, mafuta na mishahara. Na si kila faida huonekana kwenye tarakimu. Miaka ya karibuni Kigoma ilipata Kanda yake ya Mahakama Kuu. Kabla ya hapo rufaa ilikupandisha treni hadi Tabora, ulale gesti, shauri liahirishwe, urudi. Leo mtu wa Ujiji anapanda bajaji. Nauli aliyookoa huikuti kwenye fungu lolote, wala hakuna aliyeitaja siku ile tukibishana.

Anayetaka kubishana vizuri afungue Juzuu ya Pili ya vitabu vya bajeti kwa matumizi ya kawaida na ya Nne kwa maendeleo. Aanze na safu ya matumizi halisi ya mwaka uliopita. Sisi wa kijiweni hukimbilia safu ya mwisho, ile ya makadirio.