Kiziwi asiyeona hajafungiwa gizani
Wengi wakisikia "kiziwi asiyeona" humfikiria mtu aliyezama katika giza na ukimya, asiyeweza kuzungumza na yeyote. Sivyo kabisa. Wengi wao wana uoni au usikivu uliobaki. Mwenye sindromu ya Usher, hali ya kurithi, kwa mfano, mara nyingi huzaliwa na usikivu hafifu au kiziwi, kisha macho hufifia polepole. Na mikono huzungumza: kiziwi asiyeona huweka viganja juu ya mikono yako unapotumia lugha ya alama, akifuata kila umbo, kila mkunjo wa kidole. Haben Girma, mwanasheria Mmarekani kiziwi asiyeona, alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2013, akisoma kwa nukta nundu. Basi ukikutana na kiziwi asiyeona, mguse begani taratibu, jitambulishe. Tafadhali, usimwulize msindikizaji "anataka nini?" Mwulize mwenyewe.