Gary Seven Hakutumwa na Washington

Nimeletewa tena ile hoja kwamba "Assignment: Earth", mfululizo ambao Gene Roddenberry alikusudia uchipuke kutoka Star Trek, tamthilia yake ya televisheni ya safari za anga, na ambao haukutengenezwa, ulikuwa istiara ya kuitetea Marekani inapoingilia mataifa mengine, na kwamba Gary Seven, mhusika wake mkuu, ni jasusi wa Washington aliyevishwa asili ya sayari ya mbali. Mimi huhariri miswada ya televisheni, na hoja hii hunikera kwa sababu haitoki katika kipindi chenyewe cha majaribio, kilichorushwa tarehe 29 Machi 1968 kufunga msimu wa pili wa Star Trek.

Humo, Seven haendi kwa adui. Anapanda mnara wa kurushia roketi ya Marekani yenyewe, anafungua kifuniko na kuchezea nyaya ili silaha ya nyuklia inayopelekwa kwenye mzingo wa Dunia iharibike. Spock, afisa wa chombo cha Star Trek kilichorudi 1968 kutoka karne za mbele, ameshaeleza kwamba Marekani inajibu hatua kama hiyo ya mataifa mengine, kwa hiyo lawama ni ya wote, lakini hujuma tunayoonyeshwa inafanyika nyumbani. Tena mkataba wa anga za juu wa 1967 ulikuwa umekwisha kupiga marufuku silaha za aina hiyo kwenye mzingo. Serikali inayoonyeshwa ikiukiuka haitetewi.

Riwaya za baadaye zinazomhusu Seven ziwekwe kando, kwani haziwezi kuthibitisha nia ya 1968. Muswada wa mwanzo wa 1966 ndio wenye uzito: ulikuwa wa nusu saa, haukuwa na Kirk, nahodha wa chombo hicho, wala Spock, na maadui wake walikuwa Omegans, viumbe wageni waliojipenyeza miongoni mwa wanadamu. Anayeusoma huo anaweza kwa haki kuona hofu ya wapenyezi iliyotawala Vita Baridi. Kufikia 1968 Omegans wameondolewa, na hatari imebaki kuwa silaha za wanadamu wenyewe. Hizo ni siasa mbili tofauti, na mfululizo ungeweza kufuata yoyote.

Ninaposita ni mahali pamoja. Seven hakuchaguliwa na yeyote, na Kirk anamruhusu kulipua kombora lile lile linaloanguka kuelekea Ulaya na Asia bila ushahidi wowote mkononi. Linalipuka maili 104 juu ya ardhi, kisha kumbukumbu za kompyuta za chombo kutoka wakati ujao zinaonyesha kwamba ndivyo historia ilivyoandikwa. Uhalali wake, basi, unapatikana baada ya tendo, na hapo wapinzani wangu wana hoja ambayo sijaweza kuipangua.