Banda la samaki ufukweni: tunavyodanganyana kuhusu kuta

"Kaka, hii ni marini bodi. Jina lenyewe linakwambia." Ndivyo tulivyouziwa, mimi na shemeji, shiti nane za kuzungushia banda letu la samaki na barafu kule Kunduchi, Dar es Salaam. Zilikuwa nyeusi, laini, zinang'aa kama ubao wa darasani uliofutwa kwa maji. Masika moja tu, ukingo wa chini ukafumuka. Ukipitisha kidole unafunua tabaka moja moja, kama daftari lililoangukia kwenye ndoo, na katikati kuna unga wa kahawia unaonuka uyoga.

Jina ndilo lililotuponza, maana "marini" ni Kiingereza cha "ya baharini". Marini bodi inayouzwa madukani kwetu ni plaiwudi ya kumwagia zege. Ngozi yake nyeusi imewekwa ili zege lising'ang'anie ubao, na gundi yake kwa kawaida inavumilia maji. Lakini ngozi hiyo imefunika uso wa mbele na wa nyuma tu. Mbao za ndani zinaweza kuwa laini na zisizo na dawa, na pale msumeno ulipopita hakuna kinachozuia maji kunyonywa. Plaiwudi ya kujengea mashua ni kitu kingine, na bei yake ni nyingine. Sisemi usiitumie marini bodi. Itumie, ila kila ukingo uliokatwa na kila tundu la skrubu vipakwe rangi ya mafuta mara mbili tatu kabla ya kufunga, na shiti ziachane na ardhi kwa shibiri moja hivi. Sisi tulipaka uso, ambao haukuwa na shida, tukasahau kingo.

Jirani akatuambia tuweke bati, bati halifumuki. Kweli halifumuki, linaliwa. Na hapa ndipo penye imani ninayoisikia kila siku: kwamba kinacholiua bati ni mvua, kwa hiyo sehemu iliyojificha chini ya upenu ndiyo itakayodumu. Pwani ni kinyume chake. Upepo wa baharini unaleta chumvi inayotua ukutani usiku na mchana. Sehemu inayonyeshewa inaoshwa. Iliyojificha inabaki na chumvi yake, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na wingu. Tembelea banda la bati lililokaa miaka kadhaa ufukweni, uiname, uangalie chini ya upenu na kwenye vichwa vya misumari. Dawa yake ni rahisi mpaka watu wanaidharau: ndoo chache za maji ya bomba kila wiki, ukianzia huko mvua isikofika. Maji ya bomba nimesema, siyo yale ya baharini uliyooshea vibua.

Kuhusu geji sitakaa sana: namba kubwa ni bati jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, hata kama muuzaji anaitamka kwa fahari.

Lile bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki (alumini ni kama 55%, zinki ndiyo karibu yote iliyobaki, na silikoni kidogo) linadumu kuliko la zinki tupu. Wengi wakishasikia hivyo wanaona kazi imekwisha. Lakini dhamana nyingi za mabati hayo hazimhusu aliyejenga karibu na bahari, kwa hiyo soma maandishi madogo kabla ya kulipa. Mwambie na fundi aache grainda nyumbani. Cheche zake zinaunguza mpako, na vumbi la chuma linalobaki juu ya bati linaanza kutu lenyewe. Mkasi wa bati unachosha mkono lakini unaacha ukingo safi. Wala usichimbie mguu wa bati kwenye zege bichi, kwa kuwa saruji mbichi inaila alumini.

Halafu kuna oili chafu. Wazee wetu wameipaka kwenye mbao miaka nenda rudi kuzuia mchwa, na mimi nimelelewa na harufu yake. Tatizo ni kwamba haizami ndani. Mbao ikipasuka kwa jua, mchwa wanaingia kupitia ufa. Baadaye hata rangi haishiki juu yake, na mvua inaipeleka kwenye mchanga uleule unaokalia na samaki wako. Paini kutoka shamba la miti la Sao Hill ni mbao nzuri ya fremu, ila inataka dawa iliyosukumwa kwa presha, ile inayoipa ubao rangi ya kijani. Mara nyingi dawa hiyo ina shaba, na shaba ikikutana na unyevu inalila bati, kwa hiyo kati ya ubao na bati weka nailoni nzito. Mara nyingi ina na aseniki, ambayo ni sumu. Vipande vinavyobaki visiingie jikoni kabisa. Nimeona mtu akivichochea chini ya karai la samaki na nikashindwa kunyamaza.

Wapo wanaosema boriti za mikoko ni bure, mti wa baharini hauna mwenyewe. Mwenyewe yupo: mikoko imehifadhiwa, na kukata bila kibali ni kosa.

Vipi kuhusu barafu? Shemeji aliamini bati litaiyeyusha yote kabla ya adhuhuri. Tukapaka kuta nyeupe, tukaacha upenyo wa hewa juu, joto likapungua. Ila kinachoitunza barafu ni friza bovu lenye povu lake la kuzuia joto ndani ya kuta na mfuniko unaobana. Pesa ya kuzuia joto iishie pale, karibu na barafu, isipotelee kwenye kuta za banda zima.

"Banda siyo nyumba, nani atakuuliza?" Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Kwa hiyo hatukumwaga zege wala kupiga misumari. Kuta zetu ni fremu nne zilizofungwa kwa bolti na nati, watu wawili wanazishusha kwa asubuhi moja.

Shiti mbili za marini bodi zilipona. Tulikata sehemu iliyooza, tukapaka kingo rangi mara tatu, na sasa ni meza ya kuparia samaki. Huu mwaka wa pili, inalowa kutwa, na haijafunuka hata tabaka moja.