Je, wajua kwa nini dume la Kimeksiko linaogopa macho kuliko busu?

Katika filamu ya El lugar sin límites, iliyoongozwa na Arturo Ripstein na kuonyeshwa mwaka 1978, dereva mmoja wa lori anaitwa Pancho. Ni mbabe na ana deni. Kwenye danguro la kijiji hicho anaishi Manuela, mwanamume wa makamo anayevaa gauni jekundu na kuwachezea wateja ngoma za Kihispania. Pancho anamtukana na kumtishia, lakini usiku ukifika anamtaka acheze kwa ajili yake. Manuela anacheza, anamsogelea, na Pancho anambusu. Octavio, shemeji yake Pancho, yuko palepale na anaona. Muda si muda wawili hao wanamkimbiza Manuela kwa lori, wanamkamata na kumpiga hadi kufa.

Pancho busu alilitaka mwenyewe. Kilichoharibu mambo ni kwamba shemeji aliliona, na baada ya hapo ilikuwa lazima athibitishe uanaume wake mbele ya mwanamume mwenzake. Ukiushika uzi huo, filamu nyingi za kisanaa za Meksiko zinazogusa mapenzi ya wanaume wawili zinafunguka zenyewe.

Machismo, yaani ule ubabe wa kiume ambao Meksiko imejulikana nao duniani, si jambo la mtu peke yake chumbani. Ni heshima, na heshima hutolewa na wanaume wengine: baa, kazini, kwenye karamu za ukoo. Mshairi Octavio Paz aliliandika hili mwaka 1950 katika kitabu chake El laberinto de la soledad. Alieleza kwamba katika jamii yake mwanamume anayelala na mwanamume mwenzake huvumiliwa kiasi fulani iwapo ndiye mtendaji. Anayedharauliwa ni mtendwa. Kwa hiyo mstari haukuchorwa kati ya wanaopenda wanaume na wasiowapenda. Ulichorwa kati ya anayetawala na anayetawaliwa, na mtu akiuvuka bila kuonekana, ni kama hakuuvuka.

Historia ina mfano wa wazi. Novemba 1901 polisi wa Mexico City walivamia karamu ya faragha na kuwakamata wanaume 41, karibu nusu yao wakiwa wamevaa magauni. Sheria ya nchi haikuwa na kosa lililoitwa mapenzi ya jinsia moja. Walishikwa kwa kuvunja maadili ya umma, na wengine wakapelekwa Yucatán, kusini-mashariki mwa nchi, kufanya kazi za shuruti jeshini. Uvumi ulienea kwamba walikuwa 42, na kwamba aliyefutwa kwenye orodha ni Ignacio de la Torre, mkwe wa Rais Porfirio Díaz. Magazeti yaliwachora wale 41 wakicheza dansi, na namba hiyo ikabaki kuwa tusi kwa miaka mingi. Mwongozaji David Pablos alikitengenezea filamu kisa hicho mwaka 2020.

Sinema nayo ilichangia kumjenga dume huyo. Kuanzia miaka ya 1930, nyota kama Jorge Negrete na Pedro Infante waliimba wakiwa juu ya farasi, kofia pana kichwani, bastola kiunoni. Mwanamume mwenye mikogo ya kike alibaki wa kuchekesha tu, hasa katika vichekesho vya madanguro na vilabu vya usiku vilivyojaza kumbi miaka ya 1970. Ndiyo maana uamuzi wa Ripstein ulikuwa wa kijasiri: Manuela aliigizwa na Roberto Cobo, ambaye watazamaji walimkumbuka kama jambazi kijana wa filamu ya Los olvidados ya mwaka 1950. Cobo alitunukiwa Ariel, tuzo kuu ya filamu nchini humo, na nionavyo mimi aliistahili mara mbili.

Mwongozaji Jaime Humberto Hermosillo aligeuza meza mwaka 1985. Katika Doña Herlinda y su hijo, mama mjane wa Guadalajara anajua fika kwamba mwanawe daktari ana mpenzi wa kiume. Hasemi neno. Anamkaribisha yule kijana ahamie nyumbani, anamwoza mwanawe mke, kisha anapanga kuipanua nyumba ili wote watoshe. Jirani akitazama, ataona familia ya heshima. Ni kichekesho, lakini kinauma. (Mama huyo aliigizwa na Guadalupe del Toro, mama mzazi wa mwongozaji Guillermo del Toro.)

Alfonso Cuarón alikuja na Y tu mamá también mwaka 2001. Vijana wawili, Tenoch na Julio, wanajisifu kuhusu wasichana kwa filamu nzima, kisha usiku mmoja wakiwa walevi, pamoja na mwanamke waliyesafiri naye, wanabusiana. Hapa hakuna shemeji wala polisi. Asubuhi kila mmoja amekuwa shahidi wa mwenzake, na urafiki umekufa.

Aliyeondoka kabisa kwenye mchezo huo wa kuogopa macho ni mwongozaji Julián Hernández. Filamu yake ya kwanza ndefu, ya rangi nyeusi na nyeupe, ilipata Teddy, tuzo ya filamu za mapenzi ya jinsia moja kwenye tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2003. Gerardo, kijana wa miaka 17, anazurura Mexico City akiwa na barua ya mpenzi aliyemwacha. Hamfichi mtu chochote. Anaumwa na mapenzi tu. Wapo wanaolalamika kwamba Hernández ni mzito na wahusika wake hawaongei, na hawakosei sana: Rabioso sol, rabioso cielo, iliyompa Teddy ya pili mwaka 2009, ina zaidi ya saa 3 na maneno machache mno. Ukiipata, tenga jioni nzima.