Kabla Hujatoboa Ofseti Yako: Kufunga Kichomeo cha Peleti

Kabla hujashika grenda kufunga kichomeo cha peleti, washa ofseti yako, yaani jiko la kupikia nyama kwa moshi, kwa kuni mara moja zaidi. Moto ukishashika, ning'iniza kipande cha tishu mbele ya tundu la hewa la sanduku la moto. Utaona kinavutwa kuelekea ndani. Hakuna feni wala umeme hapo. Hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye dohani upande wa pili, na ya baridi inaingia kushika nafasi yake. Ofseti yoyote, hata ile iliyochongwa kutoka tangi la gesi la galoni 500, inapumua hivyo tu.

Nimeanza na tishu kwa sababu wateja wengi wanaonipigia simu hapa Houston huuliza kuhusu moto. Fundi, peleti zitatoa joto la kutosha? Fundi, nifunge mota gani? Maswali hayo yana majibu mepesi. Kazi nilizoletewa kuzirekebisha, karibu zote, ziliharibikia kwenye hewa.

Kwa msomaji asiyeijua, ofseti ni pipa nene la chuma lililolazwa, lenye sanduku la moto lililochomelewa ubavuni, chini kidogo. Nyingi za hapa Texas zimeundwa na wachomeleaji wa visima vya mafuta kwa mabomba yaliyobaki kazini. Nyama haikai juu ya makaa kama nyama choma yetu. Inakaa kwenye mkondo wa joto na moshi, nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi, na kidari cha ng'ombe kinaweza kukaa humo saa 12 au zaidi. Saa zote hizo lazima mtu aamke kila dakika 40 au 50 kuongeza gogo. Ndiyo maana watu wanatamani peleti.

Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu hadi ukawa vijiti vya unene wa milimita 6 hivi. Hauwekwi gundi, lignini, yaani gundi ya asili ya mbao yenyewe, inalainika kwa joto la mashine na kushikamanisha. Joe Traeger wa Oregon ndiye aliyeziingiza kwenye jiko la nyama miaka ya 1980, na hataza yake ilipokwisha mwaka 2006 vipuri vikaanza kutengenezwa na kila mtu. Kichomeo chenyewe hakina maajabu. Kuna sanduku la kuhifadhia peleti, parafujo ndefu ya kuzisukuma, kama ile ya ndani ya mashine ya kusaga nyama, kikombe cha moto chenye matundu, kiwashio cha umeme, feni, na kidhibiti kinachosoma joto na kuamua parafujo izunguke kwa sekunde ngapi.

Tatizo ni kwamba kichomeo hicho kinapumua kwa kusukumwa, na ofseti inapumua kwa kuvuta. Ukivifunga pamoja bila kuvipatanisha, kimoja kitamshinda mwenzake. Dohani ndefu yenye mvuto mkali itapitisha hewa nyingi ya baridi kwenye mianya ya mlango, na chumba hakitapanda joto hata peleti ziungue namna gani. Ukibana dohani kupunguza mvuto huo, feni inakosa pa kutolea, na moshi unatafuta njia nyingine. Njia iliyo karibu ni bomba la parafujo. Moshi ukirudi huko, moto unaufuata taratibu hadi kwenye sanduku la peleti.

Kwa hiyo ziba chini, acha wazi juu. Tundu la zamani la hewa lifungwe kwa bamba. Mlango wa sanduku la moto, au bamba litakaloshika nafasi yake, uwekewe gasketi ya kamba inayohimili moto. Dohani iachwe wazi kabisa, usiiguse. Halafu washa feni peke yake, bila moto, na upitishe kijiti cha udi kwenye kila mshono na juu ya mfuniko wa sanduku la peleti. Moshi wa udi ukitulia, umefaulu. Ukipeperushwa, pale pana mwanya.

Joto sasa. Kilo moja ya peleti nzuri ina megajuli 18 hivi, yaani kama kilowati-saa 5. Ofseti ya nyumbani yenye kilo 150 za chuma, ukiipandisha kutoka nyuzi 30 hadi 120, inameza megajuli 6.6 kabla nyama haijapata chochote. Ni gramu 370 za peleti hata kama hakuna kinachopotea, na kinachopotea ni kingi. Chumba cha kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 120, kwa hesabu yangu, kinavujisha kilowati 3 kupitia kuta zake siku tulivu isiyo na upepo. Ongeza na sanduku la moto, ambalo ni la moto zaidi, na kile kinachotoka na dohani. Chagua kichomeo kinachoweza kulisha kilo moja na nusu kwa saa bila kuhema. Vile vidogo vilivyokusudiwa majiko ya bati jembamba vitakuhuzunisha.

Sanduku la moto lilijengwa kwa ajili ya magogo, na moto wa peleti unatosha kwenye bakuli la chai. Ukiuweka katikati ya sanduku tupu, utapasha moto kuta na majirani. Mimi hukisogeza kikombe karibu na mdomo wa kuingilia chumbani, kisha napanga matofali ya moto pande tatu kupunguza nafasi. Nje navika blanketi la nyuzi za kauri na kulifunika kwa bati. Bati lililopakwa zinki lisiingie ndani kabisa. Zinki inayeyuka kwa nyuzi 419, mvuke wake unaumiza, na hapo ndani unapika chakula. Na usishawishike kukiweka kikombe chini ya nyama ili "kuokoa joto". Mafuta ya kidari yakidondokea kwenye moto ule, utakuwa na kazi nyingine usiku huo.

Kihisi joto kikae usawa wa wavu, katikati ya chumba. Hapo utagundua kidhibiti kina papara. Kimezoea jiko jembamba linalojibu upesi, wakati chuma chako kinene kinajibu baada ya dakika kumi. Kinaona joto halijafika, kinamimina, kinamimina, halafu joto lote linafika kwa pamoja. Rekebisha mipangilio: mizunguko mirefu zaidi, nguvu ndogo zaidi. Nilitumia Jumamosi tatu kwenye ofseti yangu ya kwanza, nikiwa na daftari na kiti cha plastiki.

Daftari hilo lina kurasa mbili nisizopenda kuzisoma. Ya kwanza ni ya peleti nilizoacha ndani ya sanduku wiki nzima ya mvua. Unyevu wa Houston si wa mchezo. Zilivimba, zikarudi kuwa unga, zikaganda ndani ya bomba la parafujo kama ugali uliolala sufuriani. Nilizitoa kwa drili. Siku hizi namwambia kila mteja: ukimaliza kupika, toa peleti zote, uzifunge kwenye ndoo yenye mfuniko.

Ya pili ni mbaya zaidi. Moto ulizimika wenyewe usiku wa manane kwa sababu kikombe kilijaa majivu. Kidhibiti kikaona joto linashuka, kikaendelea kumwaga peleti, kisha kikawasha kiwashio. Lile rundo likafuka moshi mzito wa njano bila mwali kwa muda, na mwali ulipotokea moshi wote ukashika kwa mpigo. Mlango wa chumba uliruka juu ukarudi kwa kishindo. Sikuumia, ila nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Moto ukizimika, zima mashine, fungua milango, subiri moshi uishe, chota peleti zote kwa mkono kikombe kikishapoa, ndipo uanze upya. Na majivu yasafishwe kabla ya kila mpiko mrefu.

Ladha? Peleti zinaungua safi mno. Harufu tunayoiita ya moshi inatokana kwa sehemu kubwa na kemikali ziitwazo guayakoli na siringoli, ambazo hutoka kwenye lignini mbao inapofuka bila kuungua yote, na kikombe chenye feni hakiachi nyingi. Wazee wa hapa wanaopikia kuni za mwaloni wataonja na kutikisa kichwa, na sitabishana nao. Lakini hapa ndipo ofseti iliyogeuzwa inalishinda jiko la peleti la dukani: ofseti ina sanduku kubwa la moto, na ndani yake pana nafasi ya kulaza kipande cha mwaloni mkavu ukubwa wa kiganja kando ya kikombe. Kinafuka polepole saa nzima. Ongeza vinne au vitano katika saa za mwanzo, wakati nyama bado ni baridi na ina unyevu juu, maana hapo ndipo inapokamata moshi vizuri. Baada ya hapo lala.

Jambo la mwisho ninalolisisitiza kuliko hata gasketi: usikate sanduku la moto. Toa mlango wake, tengeneza bamba la vipimo vilevile, funga kichomeo kwenye bamba hilo kwa boliti sita. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita, wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston walibaki bila umeme, wengine kwa siku kadhaa. Nyama ilikuwa inayeyuka kwenye friza mtaa mzima, na mashine ya peleti bila umeme ni sanamu. Mlango wangu wa zamani, ule wa kupikia kwa kuni, ulikuwa umening'inia gerejini, na spana yake ya nusu inchi imefungwa kwa waya kwenye mkono wa mlango. Dakika kumi na tano, boliti sita, na majirani wakaanza kuleta mabeseni.