Kuotesha damu: je, kila anayelazwa apimwe?

Nimeshatolewa damu ya malaria. Hii nyingine ni ya nini?

Ile ilitafuta vimelea vya malaria. Hii, ya kuotesha, inatafuta bakteria walioingia kwenye damu. Damu hutiwa kwenye chupa zenye chakula cha bakteria, zikawekwa kwenye mashine yenye joto kama la mwili hadi siku 5. Wakizaliana hutoa hewa ya kaboni, na mashine huitambua. Kwenye aina moja ya chupa, kitako hugeuka manjano. Bakteria wengi hatari hujitokeza ndani ya saa 48, kwa hiyo jibu lisipotoka kesho asubuhi, si uzembe wa maabara.

Mbona damu nyingi hivyo, tena mikono yote miwili?

Mililita moja ya damu ya mtu mzima inaweza isiwe na bakteria hata mmoja. Chupa moja huhitaji mililita 8 hadi 10. Mikono miwili ni kwa ajili ya wale bakteria wa kawaida wa ngozi: wakiota kwenye damu ya mkono mmoja tu, yaelekea walidandia sindano. Ndiyo maana muuguzi husafisha ngozi kwa dawa na kuiacha ikauke. Akiharakisha, mwambie tu, "Dada, bado mbichi."

Basi si apimwe kila mgonjwa?

Kilifi, Kenya, walifanya hivyo kwa watoto. Kati ya 1998 na 2002, hospitali ya wilaya iliotesha damu ya watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa. Wenye bakteria walikuwa 12.8 kwa kila 100 walio chini ya siku 60, na karibu 6 kwa kila 100 wa umri wa juu zaidi. Wachache, lakini robo hivi ya vifo vyote vya wodini vilikuwa vyao. Pale kipimo kililipa.

Mtu mzima aliyevunjika mguu, hana homa wala baridi ya kutetemeka? Kwangu mimi, hapana. Bakteria wa ngozi akiota kimakosa, utachomwa antibiotiki (dawa za kuua bakteria) bila sababu na kuongezewa siku za kitanda.

Nilishameza dawa za dukani. Kitafaa?

Kama zilikuwa antibiotiki, huenda zimewaficha bakteria, hivyo taja dawa na siku uliyoanza. Damu hutolewa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki za hospitali, ila mgonjwa akiwa mahututi dawa haingojeshwi.