Kanuni yenye pakiti 31: lango la nyumbani kwa Linux

Juzi nilikuwa Uyole kwa mwalimu mmoja mstaafu. Alichukua kompyuta ya mezani ya zamani, akaweka Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, akaongeza kadi ya pili ya mtandao aliyoipata Mwanjelwa, na kuifanya lango la nyumba nzima, yaani njia ya vifaa vyote kwenda intaneti. Kadi moja inapokea waya wa ruta ya nje, nyingine inakwenda kwenye swichi ya ndani. Alikuwa amewasha net.ipv4.ip_forward ili kompyuta ipitishe pakiti (vipande vya data) za vifaa vingine, ameweka masquerade ili vifaa vyote vitoke kwa anwani moja, na programu ya dnsmasq inagawa anwani zinazoanza na 192.168.10. Kazi safi kabisa.

"Mwanangu, kila kitu kinakwenda ila kamera," akaniambia. "Nimeizuia isitoke nje, lakini kaka yako aliye Dar bado anaiona kwenye simu."

Nikaandika nft list ruleset, amri inayoonyesha kanuni zote za nftables, ukuta wa moto wa Linux. Kanuni yake ilikuwepo, tena ameiwekea kihesabu, jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye. Kilisoma pakiti 31. Kamera inayorusha picha mchana kutwa, pakiti 31 tu?

Kanuni ilikuwa kwenye mnyororo, yaani orodha ya kanuni, wa input. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Input inasimamia pakiti zinazokuja kwa lango lenyewe, kama mgeni anayebisha hodi kwako. Pakiti zinazopita tu, kutoka ndani kwenda intaneti, hazigusi input hata kidogo. Zinapita mnyororo wa forward, kama jirani anayekatiza uani kwako kwenda barabarani. Zile 31 zilikuwa maswali ya DNS (jina fulani la intaneti lina anwani gani) ambayo kamera ililiuliza lango. Picha zenyewe zilipita zake uani.

Tukaihamishia forward. Kamera ikaendelea kuonekana Dar. Mwalimu akanitazama.

Sababu ni mpangilio. Juu kabisa ya forward kuna kanuni ya ct state established,related accept, inayoruhusu pakiti za miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, na ni lazima iwepo, la sivyo majibu ya tovuti hayarudi. Lakini keneli, kiini cha Linux, husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na muunganisho wa kamera ulikuwa umeshafunguliwa tangu asubuhi. Ukaruhusiwa pale juu, kanuni ya kuzuia haikufikiwa. Tukaipandisha ikae kabla yake, kihesabu kikaanza kukimbia papo hapo. Ukitaka kuiacha chini, basi futa kwanza muunganisho wa zamani kwa amri ya conntrack -D -s ikifuatwa na anwani ya kamera.

Nilibadilisha kitu kingine pia. Yeye alimtambua mtumaji kwa ip saddr, ambayo inatambua anwani za IPv4 (zile za kawaida kama 192.168.10) pekee. Laini yako ikianza kutoa IPv6, aina mpya ya anwani, na lango likaipitisha, kamera itapata njia nyingine, na huko masquerade haikufichi. Ndani ya jedwali la aina ya inet tumia ether saddr pamoja na anwani ya MAC ya kamera, ile ya kadi yake ya mtandao. Inakamata zote mbili.

Sera ya input na ya forward, yaani hatima ya pakiti isiyo na kanuni, iwe drop (itupwe), kisha uruhusu unachokihitaji. Ukifanya hivyo ukiwa kwenye kompyuta nyingine kwa SSH (njia ya kuiamuru kompyuta kupitia mtandao), ruhusu SSH ya kutoka ndani kwanza, la sivyo utajifungia nje.

Na kwa umeme wetu huu: kanuni ulizoandika kwa mkono zinaishi kwenye kumbukumbu tu. Ziandike kwenye /etc/nftables.conf, kisha systemctl enable nftables, kwa sababu Debian haiiwashi yenyewe. Bila hivyo umeme ukirudi nyumba haina intaneti, na lango limekaa wazi bila kanuni hata moja.

Kabla sijaaga tuliizima kompyuta na kuiwasha upya. Kanuni zote zikarudi. Kihesabu cha kamera kilianza tena sifuri, na chai ilipoletwa kilikuwa kimeshapita 200. Dar hawaoni kitu. Mwalimu, kwenye simu yake pale sebuleni, anaona geti lake vizuri.